Je, Wajua? Harakati za Pwani Zilizoanzia kwenye Idd, Zikri na Ngoma

Je, wajua kwamba vita tunavyoviita vya Abushiri havikuanzishwa na Abushiri? Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilishika mamlaka ya pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na Pangani ikapelekewa ofisa mmoja, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimbandika jina la Nyundo. Ilikuwa siku za Idd el-Hajj. Mji umefurika watu wa mashambani na wa bara walioshuka kwa sikukuu na biashara. Nyundo na watu wake wakaingia msikitini na viatu vyao, mbwa wakiwafuata. Hapakuwa na haja ya kupiga mbiu ya mgambo, maana watu walikuwa wameshakusanyika. Mwanzoni mwa Septemba Wajerumani walijikuta wamefungiwa ndani ya nyumba na mji uko mikononi mwa umati. Abushiri bin Salim, tajiri wa shamba la miwa, alijitokeza kuongoza baadaye. Vita vikapewa jina lake, nadhani, kwa sababu kunyongwa kwake kuna tarehe, 15 Desemba 1889, na umati hauna tarehe ya kunyongwa. (Nyundo naye hakukaa sana: Wahehe walimuua huko Lugalo, Agosti 1891.)

Kaskazini mwa Bagamoyo, kuanzia Saadani kuingia ndani upande wa Mkange, mwenye sauti alikuwa Bwana Heri bin Juma, ambaye hakumkubali hata Sultani kuwa bwana wake. Manowari za Kijerumani ziliupiga mji wa Saadani mizinga. Yeye akarudi porini, akajenga boma la magogo Mlembule, na lilipoanguka Januari 1890 akahamia Palamakaa. Aprili mwaka huo akasalimu amri, watu wake wamekwisha kwa njaa.

Walishindwa, basi? Kwa bunduki, ndiyo. Lakini kampuni nayo iliondoka na aibu yake: ilishindwa kuushika mwambao, bunge la Ujerumani likalazimika kutoa mark milioni 2 kumlipia Hermann Wissmann, aliyetumwa kuzima vita hivyo, na askari wake, na tangu 1 Januari 1891 serikali yenyewe ndiyo iliyotawala. Makao makuu yakahamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Harakati za kijamii zina tabia hiyo. Ni watu wengi wasio na ofisi wala mshahara wanaoshikana kwa muda mrefu ili kubadili jambo au kulizuia, na mara nyingi wanachokipata sicho walichokidai.

Je, wajua kwamba mtu aliyekuja Bagamoyo akiwa mtumwa ndiye aliyekuja kuwa mkubwa wa dini na wa mji? Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa mtoto kutoka Manyema, mashariki ya Kongo. Alisoma, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na Waingereza walipoingia wakamfanya liwali. Alifariki 1931. Zikri ya Qadiriyya haikuuliza ukoo: waungwana waliojiona wenye msikiti na vizazi vya watumwa walisimama duara moja, bega kwa bega, wakivuta pumzi kwa jina la Mungu. Kwa mji uliokuwa ukipima watu kwa nasaba, duara lile lilikuwa jambo zito kuliko hotuba. Ziara ya kila mwaka ya tarika hiyo ikawa inavuta wageni kutoka pande nyingi za Tanganyika, na TANU, chama cha kudai uhuru, ilipokuja, mwanawe Sheikh Muhammad Ramiya akaiunga mkono. Chama hakikuanza na uwanja mtupu.

Beni nayo tuiguse. Ngoma hii ya magwaride, tarumbeta na vyeo vya kijeshi ilizaliwa kwenye miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikawa na vyama viwili mahasimu, Marini na Arinoti, na kabla ya redio kufika vijijini ilikuwa imeshasambaa bara. Wakoloni waliihofia. Ndani yake vijana walikuwa wakijifunza kuweka daftari, kukusanya ada na kuchagua viongozi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 1955. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, imeanzishwa 7 Julai 1954, na wanaume wengi wa Dar es Salaam, hasa watumishi wa serikali, waliogopa kuonekana na kadi. Ndipo alipofuatwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma la Bomba. Hakuanza kwa kuita mkutano wa hadhara. Alikwenda kwa viongozi wenzake wa vikundi vya ngoma, mmoja mmoja, na kila kiongozi akaja na kundi lake zima. Baada ya miezi michache wanawake 5,000 walikuwa wameshachukua kadi. Mwisho wa mwaka huohuo, huko Montgomery, Marekani, weusi walianza kususia mabasi yaliyowabagua, mgomo uliodumu siku 381, na habari zilipita makanisani kama zilivyopita ngomani Kariakoo. Rosa Parks, aliyekataa kuachia kiti chake, tunamjua. Wanawake waliokesha wakichapa vipeperushi vya mgomo huo hatuwajui.

Je, wajua kwamba ukigombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba Mkange leo, utakutana na matunda ya harakati za karibuni? Miaka ya 1990 vyama vya wanawake, vikiwemo TAWLA (wanasheria wanawake) na TGNP (mtandao wa jinsia), vilipigania haki sawa ya ardhi, wakati mjane angeweza kuambiwa afungashe vyombo arudi kwao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikatamka kwamba mwanamke ana haki ya ardhi kama mwanamume. Mila bado inabishana nayo, na wengine huhukumiana barazani kabla ya kufika ofisini. Hata hivyo shauri likipelekwa kwenye baraza la ardhi la kijiji, sheria inataka wajumbe watatu kati ya saba wawe wanawake, na wao ndio watakaokuuliza mkorosho huo ulipandwa na nani.