Mapacha wa Sauti: Rekodi Saba za Maneno ya Kiingereza

Kwa zaidi ya miaka elfu moja Kiingereza kimekuwa kikisajili maneno kutoka Roma, Ufaransa na Skandinavia, na kila msimu wa usajili umezaa mapacha wasiojuana. Hawa hapa mabingwa wao, wengi wakiwa maneno ambayo hata Mwingereza huyatamka mara chache.

1. Tofauti nyembamba kuliko zote

Venal na venial vinatenganishwa na i moja tu. Venal ni mtu anayenunulika, mla rushwa. Asili yake ni venum ya Kilatini, yaani mauzo. Venial ni kosa linalosameheka, kutoka venia, msamaha, na Kanisa Katoliki hulitumia kwa dhambi ndogo zisizo za mauti. Ondoa hiyo i, na kosa la kusamehewa linageuka kuwa hongo!

2. Msongamano mkubwa zaidi

Kiswahili kinaingia uwanjani na paa: mnyama wa porini, paa la nyumba, kupaa angani, na kumpaa samaki magamba. Maana nne, sauti moja. Ni timu ngumu. Kiingereza cha Uingereza kinajibu kwa maneno matano yanayotamkwa sawasawa: air, heir, ere, e'er na eyre. Air ni hewa, na chimbuko lake ni Kigiriki. Heir ni mrithi, kutoka Kilatini, na h yake haitamkwi. Ere ni “kabla”, mzawa halisi wa Kiingereza cha kale, na e'er ni ever iliyofupishwa na washairi. Kisha anakuja nyota wa kikosi, eyre: ziara ya majaji wa mfalme waliozunguka majimbo ya Uingereza kusikiliza kesi katika karne ya 12 na 13. Shina lake ni iter ya Kilatini, yaani safari. Matokeo ni 5 kwa 4. Tumefungwa, ila wenzetu wamehitaji tahajia tano tofauti. Paa imecheza mechi nzima na herufi tatu.

3. Majina makubwa zaidi nyuma ya neno moja

Mosaic ya herufi kubwa ni “ya Musa”, kama Sheria ya Musa. Mosaic ya herufi ndogo ni picha iliyopangwa kwa vipande vya mawe au vioo, na neno hilo linatokana na miungu tisa wa kike wa sanaa wa Wagiriki wa kale. Upande mmoja nabii, upande wa pili miungu tisa! Kwa msomaji wa Kiswahili mechi hii ni tamu maradufu, kwa sababu kila mmoja wa miungu hao kwa Kilatini aliitwa Musa.

4. Ndugu wa damu walioachana mbali zaidi

Meritorious ni mwenye kustahili sifa. Meretricious ni kitu chenye mvuto wa bandia, kinachong'aa nje na ndani hakina thamani. Limetokana na meretrix, jina la Kilatini la kahaba. Ungeapa kwamba hawajuani kabisa. Kumbe wote wawili ni wajukuu wa kitenzi kimoja, merere, “kupata ujira”.

5. Maisha marefu zaidi ya neno lisilokuwepo

Bingwa huyu hana pacha. Mwaka 1931 mhariri wa kemia wa kamusi ya Webster nchini Marekani aliandika kadi yenye maneno “D or d”, yaani D au d, kama vifupisho vya densiti. Nafasi kati ya herufi zikapotea, na mwaka 1934 kamusi ikachapishwa ikiwa na neno jipya kabisa: dord. Mwaka 1939 mhariri mwingine alishtuka kuona neno lisilo na asili, lakini liliendelea kuchapishwa hadi 1947. Miaka 13! Katika mfumo wa elimu uliotumika Tanzania kwa miaka mingi, huo ni muda wa kutoka darasa la kwanza hadi kumaliza kidato cha sita.

6. Maana nyingi zaidi

Kwa miaka mingi taji lilikuwa la set, lenye maana 430 katika kamusi ya Oxford ya 1989, ile ya majuzuu 20. Kisha wahariri wa toleo jipya wakaihesabu run kama kitenzi: 645. Wagawie wabunge wote 349 wa Bunge la Taifa la Kenya maana moja moja, zitabaki 296. Na run yenyewe ni mapacha walioungana, kwa kuwa ndani yake vimo vitenzi viwili vya kale vilivyofanana sauti hadi vikawa kimoja.

7. Uadui mkubwa zaidi

Fedha inakwenda kwa raise na raze, zinazotamkwa sawa kabisa. Raise, kuinua, ilikuja na Waskandinavia. Raze, kubomoa hadi chini, ilipitia Ufaransa kutoka kitenzi cha Kilatini cha kukwangua, kilichozaa pia jina la wembe. Mpigie fundi simu umtajie mojawapo kuhusu ghorofa lako, naye hatajua alete saruji au nyundo.

Dhahabu ni ya cleave, maana hapa hata tahajia ni ile ile. Cleave ya kwanza, clēofan ya kale, ni kupasua. Ndiyo iliyokipa jina kisu kipana cha buchani. Cleave ya pili, clifian, ni kushikamana. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, Mwanzo 2:24, mume anaambatana na mkewe kwa kitenzi hicho cha pili. Herufi sita kwa sita, sauti kwa sauti, na moja inatenganisha kile ambacho nyingine inakiunganisha!