Jeni Zinazounga DNA: Bakteria Hukarabati, Kirusi Huzaliana

DNA ikikatika ndani ya E. coli, bakteria wa utumboni, kimeng'enya kiitwacho RecBCD huishika ncha yake na kuanza kuitafuna. Hakitulii mpaka kikutane na herufi nane: GCTGGTGG. Hapo hubadili kazi. Huacha ncha ya uzi mmoja na kuipakia protini RecA, ambayo hutafuta mpangilio unaofanana nao katika nakala nzima ya DNA, kisha kilichopotea kikaandikwa upya.

Jeni ya recA ilijulikana mwaka 1965, Alvin John Clark na Ann Dee Margulies walipochunguza bakteria walioshindwa kuchanganya DNA. Bakteria haohao hawakustahimili miale ya urujuanimno. Kumbe kuchanganya na kukarabati ni kazi ya mikono ileile.

Zile herufi nane zimetawanyika karibu mara 1,000 katika jenomu ya E. coli. Katika DNA ya lambda, kirusi kinachomshambulia bakteria huyu, hazimo hata mara moja, ingawa ina herufi 48,502. Ncha yake ikijitokeza, RecBCD haina cha kuizuia.

Lambda hujikinga kwa jeni tatu. Ya kwanza, gam, hutoa protini yenye umbo linaloiga DNA. RecBCD huishika hiyo na kuzibwa mdomo. Kisha exo hutafuna uzi mmoja tu, na protini ya Beta hubandika pamoja nyuzi zinazolingana. RecA haifanyi kazi hiyo bila ATP, nishati ya seli. Beta haiihitaji kabisa.

Kudai kwamba virusi vimeiga tu bakteria si haki. Kirusi T4 kina jeni ya uvsX, ndugu halisi wa recA, lakini kinaitumia kwa lengo jingine: ncha ya DNA inayopenya katika DNA nyingine huwa mwanzo wa kunakili upya. Kwa bakteria, kuunga ni matengenezo. Kwa T4, ni kuzaliana kwenyewe.

Maabara zimefaidika sana na tofauti hizo. Tangu mwaka 2000, mbinu ya watafiti Datsenko na Wanner hutumia jeni tatu za lambda kufuta jeni yoyote isiyo ya lazima katika kromosomu ya E. coli. UvsX nayo, mwaka 2006, iliwezesha kipimo kinachozidisha DNA ya vimelea kwenye joto lisilobadilika, nyuzi 37 hadi 42, bila mashine ya kupasha na kupoza.