Mpaka wa Matabaka: Nguvu na Ufa katika Metali za Nano

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Katika metali zilizopangwa kwa matabaka ya nanomita, yaani sehemu za milioni za milimita, wembamba ndio hutia nguvu. Makala haya yanafafanua sababu yake, pamoja na istilahi inayofaa kuieleza.

Kwanza, ieleweke kwamba atomi za metali hujipanga kwa safu. Metali inapopindwa, safu haziteleze zote kwa mkupuo. Mtelezo hubebwa na kasoro ndogo zinazosafiri ndani ya mpangilio, mithili ya kunjo linalosukumwa kwenye jamvi. Kasoro zisipozuiwa, metali huwa laini. E. O. Hall (1951) na N. J. Petch (1953) walionyesha kuwa chuma chenye chembe ndogo za fuwele huwa na nguvu zaidi, kwa kuwa mipaka ya chembe huzuia safari hiyo. Mnamo 1970, J. S. Koehler alipendekeza matabaka ya metali tofauti yatumiwe kwa lengo lilo hilo.

Pili, mipaka haifanani. Shaba na nikeli zina mpangilio wa aina moja, hivyo kasoro yaweza kuvuka. Shaba na niobi hazilingani. Mpaka wao huteleza kwa wepesi, na kasoro inapoufikia hunaswa na kutawanyika humo. Matabaka hayo yakiwa ya nanomita chache, nguvu hupita gigapaskali 2, ilhali shaba safi iliyolainishwa haifiki hata 0.3.

Hata hivyo, nguvu hiyo ina gharama. Metali laini huukinga ufa kwa kuteleza kwenye ncha yake hadi ncha ikawa butu. Katika tabaka jembamba kasoro hukosa nafasi. Mtelezo hujikusanya katika ukanda mmoja, na ufa huufuata. Aidha, mpaka ulioshikana vibaya hubanduka. Lakini mpaka huo huo waweza kuugeuza ufa mkondo na kuupunguzia kasi.

Je, tuuiteje? Neno "kiolesura" limezoeleka katika kompyuta, nalo hudokeza sura inayoonekana na mtumiaji. "Mpaka" linafaa zaidi, kwani wanaopakana hutengana na kugusana papo hapo. Ila tuseme "mpaka wa matabaka", usije ukachanganywa na mpaka wa chembe. Istilahi isiyotofautisha viwili hivi itamnyima mwanafunzi kiini cha somo lenyewe.