Kicheko Chini ya Mkuyu

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya upili, kwaya yetu ilipewa nyimbo mbili za opereta H.M.S. Pinafore kuimba katika mashindano ya muziki. Mwalimu alitusimamisha kama vigingi vya ua, akatuonya kwamba atakayetabasamu atakiona. Tukaimba kwa nyuso za matanga. Mwamuzi aliyasifu matamshi yetu ya Kiingereza, tukapewa cheti, tukapanda basi kurudi. Hakuna aliyetudokezea kwamba tulichokuwa tumekiimba ni mzaha mtupu.

Aliyenizindua ni nyanya yangu. Likizo ya Agosti ilipofika nikarejea Mukuyuni, naye akataka nimweleze kwa Kikamba nyimbo zile zilikuwa za nini. Nikamsimulia: binti wa nahodha ampenda baharia mnyonge, babake hataki, anamtaka amwoe Waziri. Mwishowe mama mchuuzi aungama kwamba zamani, alipokuwa yaya, aliwalea nahodha na baharia wakiwa wachanga, akawachanganya. Basi baharia ndiye bwana, na nahodha ndiye mtwana.

Nyanya aliweka chini ungo wa pojo. "Mjukuu wangu," akasema, "ikiwa walinyonya pamoja, basi huyo mchumba ni rika la babake msichana!" Akacheka hadi machozi yakamtoka. Mimi niliyekariri kila neno sikuwa nimeliona jambo hilo.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba opereta ya kuchekesha si mali ya wenye tai shingoni. W. S. Gilbert aliyetunga maneno na Arthur Sullivan aliyetunga muziki waliifungua Pinafore mjini London tarehe 25 Mei 1878, ikachezwa mara 571. Watu hawakujazana kuyasikiliza matamshi. Mwaka uliotangulia, serikali ilikuwa imemteua W. H. Smith, muuza vitabu na magazeti, kuwa mkuu wa mambo ya majeshi ya majini, na katika tamthilia akatokea waziri aliyepanda cheo pasipo kuijua bahari. Hadhira ilimtambua hata kabla hajamaliza ubeti.

Nawe msomaji, wamjua wako.

Huko Ulaya michezo kama hii huwa na majira yake. Glyndebourne, kule mashambani kusini mwa Uingereza, pamekuwa na tamasha la opera la kiangazi tangu mwaka 1934, na watazamaji hutandaza vyakula vyao bustanini wakati wa mapumziko. Mwaka 2024 waliigiza The Merry Widow ya Franz Lehár, iliyozaliwa Vienna mwaka 1905 kwa Kijerumani. Waliiimba kwa Kiingereza, ili mtazamaji acheke papo hapo.

Je, sisi twakosa nini? Agosti kwetu Makueni ni miezi ya ukavu. Kilichovunwa kimekwisha kuingia ghalani na mvua za vuli bado ziko mbali. Hadhira yaweza kuketi nje bila hofu ya kunyeshewa. Kwaya za makanisa zimejaa watu wanaoimba kwa sauti nne. Kinanda kimoja na ngoma zetu vyatosha. Na mkuyu, ambao ndio uliopaipa Mukuyuni jina, una kivuli kipana kuliko paa la ukumbi wowote wilayani. Haki za maneno ya Gilbert zilikwisha mwaka 1961, hivyo mfasiri hadaiwi hata ndururu.

Bahari hatuna, na hapo ndipo utamu ulipo. Merikebu na iwe lori la kusambaza maji. Waziri na awe Waziri wa Maji ambaye hajawahi kubeba mtungi mgongoni. Ukambani hakuna mama atakayehitaji kufafanuliwa dhihaka hiyo.

Wapo watakaouliza kwa nini tuazime kicheko cha Mzungu. Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba tuazime kiunzi tu, nyama tutie wenyewe. Wasiwasi wangu mimi uko kwingine. Ngaahika Ndeenda, iliyojaa nyimbo za wanakijiji wa Kamiriithu, ilifunguliwa Oktoba 1977, na kabla ya mwezi wa Novemba kwisha kibali kikawa kimefutwa. Hata London, mwaka 1907, kibali cha The Mikado ya akina Gilbert kilisitishwa ili mwanamfalme wa Japani aliyekuwa mgeni wa taifa asiudhike. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 33, yalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa. Lakini Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika Nakuru na mchezo wao Echoes of War, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani bila kuuigiza, na nje polisi wakafyatua vitoa machozi.

Kwa hiyo sitaki cheti wala mwamuzi. Nataka jioni moja ya Agosti, taa mbili, na viti ambavyo kila mtu atajiletea kutoka kwake. Mchuuzi wa maziwa amekwisha kupatikana, mama mwenye sauti ya kupasua mawe. Nahodha yupo. Nafasi ya Waziri ingali wazi, na sharti ni moja tu: asiwe amewahi kushika mtungi.