Bahasha ya Kaki na Mzigo wa Mpagazi

Hivi karibuni nilikuwa Tabora, na nilipokuwa nasubiri treni pale stesheni alinijia kijana mmoja. Alinipa shikamoo, nikaitikia, na kabla sijamuuliza lolote akafungua bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Ndani mlikuwa na cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, na nakala kama kumi za barua moja ya kuomba kazi. Mahali pa jina la mwajiri pameachwa wazi, hujazwa kwa kalamu kutegemea mlango anaobisha siku hiyo.

"Mwanangu, unatafuta kazi gani?" nikamuuliza.

"Kazi yoyote tu, mzee."

Nafasi za kazi ni chache, hilo halina ubishi, na mimi si mmoja wa wale wanaodai kwamba kila asiye na kazi ni mvivu. Lakini mwajiri anayeambiwa "kazi yoyote" hana la kushika. Na ajabu ni kwamba jibu hilo nililisikia katika mji uliokuzwa na watu waliojua barabara walikuwa wanatafuta kazi gani, yaani wapagazi wa Kinyamwezi.

Katika karne ya 19 watu hao walitembea kati ya Tabora na Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800, wakipita Ugogo na lile pori kame la Mgunda Mkali. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Tabora Juni. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60 hadi 70, karibu kilo 30, mbali na mkeka na chungu cha mpagazi mwenyewe. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na wapagazi wengi walikufa kwa ndui na njaa, kwa hiyo sitaki kuipamba.

Ninachotaka kieleweke ni jinsi walivyojiandaa. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora Novemba 1857, aliandika kwamba Wanyamwezi waliuhesabu upagazi kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba hata watoto walizoezwa kubeba pembe ndogo za ndovu. Siku ya kuandikwa kazi haikuwa siku ya kuanza kujifunza. Mtu alikuja akijua kufunga mzigo usimchubue bega, akijua maji yako wapi, akijua kuishi kambini na wenzake. Aliyeonekana hodari aliweza kuwa mnyampara, au kirangozi anayetangulia na bendera.

Wala msidhani walikuwa watu wa kukubali lolote. Malipo ya vitambaa na posho ya nafaka yalijadiliwa kabla mzigo haujainuliwa. Posho ikipunjwa, mizigo ilitupwa chini, na wengine walitoweka usiku. Wasafiri wa Kizungu waliandika kurasa nyingi za kulalamikia jambo hilo, na kila nikizisoma huwa nipo upande wa wapagazi.

Halafu reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ule upagazi wa misafara ukafa. Wanyamwezi wengi walikuwa tayari wamekwenda kujenga reli na kukata mkonge. Mzigo wa begani haukuhitajika tena, lakini uzoefu wa kambi, wa kupatana na makabila mengine kwa Kiswahili, na wa kujua thamani ya siku moja ya kazi, huo waliondoka nao.

Nikamrudia yule kijana. Je, tangu amalize shule siku zake anazipitishaje? Akasema yuko gereji ya mjomba wake karibu na soko, mwaka wa pili sasa, anatengeneza pikipiki. "Lakini hiyo si kazi, mzee, najishikiza tu."

Miaka miwili ya ufundi, na katika bahasha hakuna hata mstari mmoja unaoitaja! Hakujua kwamba VETA ina utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza ufundi mtaani, kwa mahojiano na kwa vitendo, na anayefaulu hupewa cheti.

Nilimweleza pia kisa changu. Ujanani niliingia ofisi moja kuomba kazi, nikaulizwa ofisi ile inashughulika na nini. Sikujua. Nilitoka na barua yangu mkononi, imekunjwa vile vile. Siku hizi kosa hilo limepata mdogo wake: maombi ya kazi serikalini hupelekwa kwa mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, na vijana wengine hulipa mtu wa kibanda cha intaneti awajazie kila kitu, kisha wakiitwa kwenye usaili hawajui waliandikiwa nini.

Tukaigeuza nakala mojawapo, tukaanza barua upya mgongoni mwake. Akataja anachoweza kufanya bila kusimamiwa: kubadili cheni na breki, kufungua injini na kuifunga tena. Kisha akanitazama. "Na mshahara je, mzee, niutaje?" Nikamwambia kwanza aulize mafundi wenzake wanalipwa kiasi gani mjini hapo. Treni ilipopiga honi tulikuwa bado tunabishana kama injini itangulie au breki.