Cherehani ya Pili: Usinunue Kimeo!

Shosti, hebu jiulize: cherehani yako ikigoma usiku huu, kesho utafanyaje?

Mimi sikuwahi kujiuliza mpaka Alhamisi moja, saa nne usiku. Jumamosi yake ilikuwa sendofu ya binamu yangu, na zawadi ya familia nilikuwa naishona mimi: kwilti ya khanga za marehemu bibi yetu. Kwilti ni lile tandiko la kitanda linaloungwa kwa vipande vya vitambaa, katikati pamba, chini kitambaa kingine. Kamusi inaliita mfarishi. Vipande vyote vilikuwa tayari. Ilibaki mistari ya kushika tabaka tatu pamoja, na pindo.

Umeme ukakatika. Ukarudi kwa kishindo. Cherehani yangu ya kisasa, ile yenye kioo na mishono kibao, ikawaka mara moja, ikazima. Asubuhi fundi akaifungua, akatikisa kichwa: "Dada, bodi imeungua. Mpaka iagizwe."

Nililia, sifichi. Khanga za bibi hazinunuliki tena dukani.

Aliyeniokoa ni jirani yetu, mama mtu mzima, aliyetoa chini ya kitanda chake cherehani nyeusi ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono. Tatizo likawa moja. Ukizungusha kwa mkono wa kulia, unabaki na wa kushoto tu wa kuongoza kitambaa, na kwilti ni nzito. Basi mume wangu, ambaye kwa miezi sita alikuwa ananiambia "mke wangu, mashine ya pili ya nini?", akavuta kiti akakaa pembeni yangu. Yeye akazungusha, mimi nikaongoza kwa mikono miwili. "Polepole baba... simama... haya twende." Tulimaliza alfajiri ya Jumamosi. Akajinyoosha mgongo, akasema: "Wiki ijayo tunatafuta ya akiba."

Kama na wewe uko njiani kutafuta, haya ndiyo tuliyojifunza, mengine kwa gharama.

Ya akiba si pacha wa ya kwanza

Kosa letu la kwanza lilikuwa kutafuta mashine inayofanana na iliyoungua, ila ya bei poa. Haipo! Ukitaka mishono mia kwa bei ya chini utapata mishono mia mibovu. Cherehani ya akiba ina kazi moja tu: kukutoa aibu siku ya kubanwa. Kwa mtu wa kwilti, maana yake ni ishone mstari ulionyooka, mshono uwe sawa juu na chini, na ipite kwenye tabaka tatu bila kulia. Basi.

Akina mama wa kwilti kule Marekani walishalijua hilo zamani. Mashine wanayoipenda sana kubeba darasani ni Singer 221, inayoitwa Featherweight, iliyoingia sokoni mwaka 1933. Ina uzito wa kilo 5 hivi na inashona mstari ulionyooka tu. Ni miongo mingi tangu iache kutengenezwa, lakini ikiwa nzima bado inagombewa.

Utaibeba, au itakaa?

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Kama unakwenda darasani kila Jumamosi, mashine utaipandisha kwenye daladala au bajaji, kisha ngazi. Zile nyeusi za chuma ni imara kweli, lakini kichwa chake tu kinazidi kilo 10, bado meza. Hiyo ni ya nyumbani. Ya darasani tafuta ya umeme isiyo na kompyuta, ya kuzungusha vitufe kwa mkono. Nyingi zina uzito wa kilo 5 mpaka 7, na hazina bodi ya kuungua umeme ukirudi kwa fujo.

Lakini kama hofu yako kubwa ni mgao wa umeme, basi ya mkono au ya kukanyaga kwa mguu ndiyo mkombozi wako. Muundo unaouona kwenye nyingi ya hizi, Butterfly ya China ikiwemo, umetokana na Singer ya zamani namba 15, iliyoigwa na viwanda vya Japani, China na India. Faida yake ni kwamba fundi wa mtaani anaijua kama kiganja chake. Vile vicherehani vidogo vya plastiki vya betri, jamani, acha mtoto achezee. Kwenye tabaka tatu vinakwama.

Umeme wa kwao, umeme wa kwetu

Hii ilitaka kutuingiza mjini. Tuliona mtumba mmoja mzuri, msafi, bei ya kutupa. Mume wangu akaupindua kusoma kibati cha nyuma: volti 100. Ilikuwa imetoka Japani. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Japani ni 100, Marekani ni 120. Ukichomeka hivihivi unanusa moshi. Itabidi ununue transfoma ya kushusha umeme, na yenyewe ina bei na uzito wake. Sasa ile "bei ya kutupa" iko wapi? Soma kibati kwanza, ndipo uulize bei.

Nenda na vitambaa vyako

Muuzaji atakushonea kipande chake cha kitambaa laini, mshono utoke kama wa kiwandani. Usikubali kirahisi. Beba mkobani khanga, kipande cha jinzi, na vipande viwili vya kitenge vyenye pamba katikati. Beba na uzi wako, na sindano mpya namba 90 ya khanga na kitenge na namba 100 ya jinzi. Kisha keti ushone mwenyewe, usishonewe. Angalia haya:

1. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya umeme. Likwame mahali, shukuru, ondoka.
2. Shona taratibu mstari mrefu kwenye tabaka tatu. Mshono usiruke, na chini kusiwe na vitanzi vya uzi.
3. Rudisha nyuma. Mashine isiyorudi nyuma si mbaya kwa kwilti, lakini ujue mapema.
4. Inua mguu unaobana kitambaa. Je, kwilti yako nene inapita chini yake?
5. Pima nafasi ya kulia kwa sindano. Kwilti kubwa huviringishwa hapo. Ikiwa finyu, utaisukuma mpaka uchoke.
6. Uliza kama meno ya chini yanashushwa au kufunikwa. Bila hivyo, kushona maua na mizunguko kwa mkono huru ni shida.

Cha mwisho wengi hatukiwazi: bobini. Kwa macho zinafanana, lakini zinatofautiana kimo. Ukiweka isiyo yake, uzi unatatizika. Ukipata mashine mbili zinazotumia bobini na sindano za aina moja, hata kama hazifanani sura, umeokoa hela na kichwa.

Kaeni chini wawili

Sasa tuseme ukweli. Cherehani ya pili inagharimu hela ya nyumba, na wengi wetu tunainunua kimyakimya, tunaificha kwa dada au shosti, halafu siku ikionekana inazuka vita. Mimi nilishaanza kuweka vijisenti pembeni bila kusema. Usiku ule wa khanga ulinisuta.

Tulichofanya ni hiki. Tulikubaliana kiasi kabla ya kwenda dukani, si tukiwa mbele ya muuzaji. Ndani ya kiasi hicho tukatenga fungu la fundi kuisafisha na kuipaka mafuta, sindano na bobini za ziada. Kama mashine inamaliza hela yote, ni ghali kwetu, hata muuzaji aape vipi. Na kama ushonaji unaingiza chochote, hela ya mashine itoke kwanza kwenye mapato ya kushona, ndipo iguse ya ada na kodi ya nyumba.

Na wewe kaka unayesoma gazeti la mkeo, usicheke. Ukisikia "mashine ya pili", usikimbilie kusema "ya nini?" Muulize: ikiharibika hii, nani atakaa bila nguo ya sherehe? Nani atadai hela yake? Utashangaa jibu.

Sisi tuliondoka na ya umeme, ya mtumba, isiyo na kompyuta, volti 230, mishono michache. Rangi yake imechujuka na haina sura ya kupiga nayo picha. Inakaa kwenye mfuko wake nyuma ya mlango, na kila mwisho wa mwezi naitoa, naipa mafuta, nashona nayo foronya moja, kwa sababu mashine ya akiba isiyoguswa nayo hugoma siku ya haja.

Kwilti ya bibi? Iko kitandani kwa binamu. Kuna mstari mmoja karibu na pindo umepinda kidogo, pale mume wangu aliposinzia akizungusha. Binamu alitaka niufumue. Nimemkatalia.