Kuchaji Betri ya Pikipiki Nyumbani kwa Usalama



Huku Bujonde pikipiki hubeba mgonjwa kwenda Kyela mjini, mpunga kwenda mashineni na katekista kwenda kigangoni. Betri ikiisha chaji, wengi huichaji nyumbani usiku, tena chumbani, kwa kuogopa wezi na mvua. Ndugu msomaji, hapo ndipo hatari ilipo.

Wengi wetu tunaogopa shoti. Ni kweli, waya wa chaja unaoingia ukutani una volti 230, nao haufai kushikwa kwa mikono yenye maji wala kutumiwa ukiwa umechubuka. Lakini betri yenyewe ina volti 12 tu. Madhara yake makubwa hutokana na gesi na asidi.

Kwa nini? Betri ya kawaida ya pikipiki inafuata kanuni ileile ya betri ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859: sahani za madini ya risasi ndani ya asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Inapochajiwa, hasa ikikaribia kujaa, umeme huyachambua maji hayo kuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka, na cheche ya kibatari, sigara, swichi au kibano cha chaja inatosha kuilipua. Betri hupasuka na kurusha asidi usoni. Kwa hiyo betri isichajiwe chumba wanacholala watu, wala jikoni.

Fuata hatua hizi:

1. Zima pikipiki. Fungua kwanza waya wa hasi (-), kisha wa chanya (+). Wakati wa kurudisha, anza na chanya.

2. Weka betri barazani, juu ya ubao, mahali penye hewa, pasiponyesha na watoto wasipofika.

3. Kama betri ina vifuniko vya kuongezea maji, vifungue. Maji yakiwa chini ya mstari wa chini, ongeza maji ya betri yasiyo na asidi hadi sahani zifunikwe. Utajaza hadi mstari wa juu baada ya kuchaji. Usitumie maji ya kisima, mto wala ziwa, kwa kuwa chumvi zake huharibu sahani. Betri iliyozibwa kabisa usiifungue.

4. Soma maandishi ya betri. Ikiandikwa 12V 5Ah, ichaji kwa takriban ampea 0.5, yaani moja ya kumi. Chaja kubwa ya betri ya gari huichemsha. Betri ya lithiamu inahitaji chaja yake.

5. Funga vibano kwanza, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ndipo uwashe umeme. Ukimaliza, zima umeme kwanza, ndipo utoe vibano. Hivyo cheche haitokei karibu na gesi.

6. Ikichemka, ikivimba au ikitoa harufu ya yai viza, zima umeme ukutani na ukae mbali nayo.

Betri hiyo ya 5Ah ikiwa tupu huhitaji saa 10 hadi 12. Anza asubuhi, siku ambayo upo nyumbani, nawe utaitazama hadi jioni. Hofu ya wezi haitakulazimisha kulala nayo.

Wanaotumia sola wasiunganishe paneli moja kwa moja kwenye betri. Paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa zaidi ya volti 18 jua likiwaka. Tumia kontrola.

Asidi ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kufikicha, kisha nenda hospitali. Ikimwagika mwilini, vua nguo na uoshe kwa maji mengi. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja. Kamwe usiweke asidi katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa: mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

Betri iliyokufa usiivunje ili kuyeyusha risasi ya kufungia nyavu. Moshi na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Irudishe kwa muuza betri au wakusanyaji wa betri chakavu.

Baba au kaka anayeingiza betri chumbani anadhani analinda mali ya familia. Tumweleze kwa upole aitoe barazani, ili familia yenyewe iwe salama.